Njia Iliyokuwepo Tangu Kale

Bibi yangu alikuwa na matumizi yake mwenyewe ya neno kale, na mimi ninayelipwa kufundisha Kiswahili nilichelewa sana kuyaelewa. Chupa ya chai ikivunjika Jumatatu, ukimuuliza Jumatano nani aliivunja, alijibu, "Hayo ni mambo ya kale." Maneno makali aliyomwambia mkwe wake wakati wa Krismasi yalikuwa yameshakuwa ya kale kabla Pasaka haijafika. Lakini na kitu alichokipenda, kama kigoda chake cha miguu mitatu, nacho kilikuwa cha kale, na hapo neno lilimaanisha usikiguse.

Mimi nafundisha sekondari mjini Same. Kwa wanafunzi nilikuwa na maelezo mafupi ya neno hilo, niliyokuwa nikiyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: kale ni wakati ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka. Niliyatunga mwenyewe na niliyaonea fahari. Ndiyo yaliyonitia matatani.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilipanda nyumbani, milimani upande wa Bombo, na dereva wa bodaboda akanishusha dukani kama kawaida, kwa sababu kutoka dukani hadi kwa Bibi pikipiki haipiti. Ni njia ya miguu, dakika tano hivi, inakatiza katikati ya shamba la migomba la jirani yetu. Siku hiyo nilikuta nguzo mpya, wavu wa waya, geti la chuma na kufuli. Nilisimama nikiwa na begi mgongoni na mchele mkononi, nikaita hodi mara tatu, kuku mmoja akanitazama. Nikazunguka kwa barabara ya juu, ile inayopanda kama ngazi, nikafika kwa Bibi baada ya nusu saa natweta.

Alikuwa mlangoni anachambua maharage ya makande.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umepitia wapi?"

"Barabarani. Njia imefungwa."

"Na wewe ukazunguka."

"Ningefanyaje?"

"Basi tumeshindwa kabla hatujaanza," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nikagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajatoka nyumbani kwa wiki tatu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amegoma. Kanisani hakwenda, dukani aliagiza watu, na mchungaji alipokuja kumjulia hali alimwambia kwamba afya anayo, isipokuwa hana njia.

Jirani mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi bandarini Tanga miaka yake yote ya nguvu, akastaafu, akarudi na miche ya maparachichi ya kisasa ambayo aliipenda kama watu wanavyopenda wajukuu. Kwa desturi yetu namwita baba mdogo. Nilikwenda kumwona kesho yake, akanikaribisha chai ya tangawizi, akanionyesha majani yaliyotafunwa.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na mama. Lakini mbuzi wanapita, ng'ombe wanapita, watu wanapita wakichuma. Ningeweka kibao, ila mbuzi hawasomi."

"Lakini baba mdogo, ile ni njia ya watu."

"Si njia. Tangu kale shamba hili halina njia. Marehemu baba alikuwa anawaonea watu haya tu."

Nikarudi kwa Bibi na majibu hayo. Hakukasirika. Alifuta mikono, akavuta kigoda, akaniambia nichukue karatasi na kalamu.

"Andika barua kwa serikali ya kijiji. Sema njia ile ipo tangu kale."

Nikaandika. Ningeweza kuandika zamani, lakini zamani siku hizi ni neno lililochoka. Mtu akikuchelewea dakika kumi unamwambia umemsubiri tangu zamani. Ningeweza kuandika tangu jadi, lakini jadi inataka ukoo na matambiko. Azali niliiogopa, maana hiyo ni ya Mungu, hata milima hii ina mwanzo. Kale ilitosha. Nikaitia katika sentensi ndefu, ya kupanda na kushuka, na nilipomsomea Bibi akasema, "Hapo sawa. Hapo wataogopa."

Mtendaji wa kijiji chetu ni binti mdogo kuliko mimi, mtu wa tambarare, mtulivu, anavaa ushungi na miwani. Aliisoma barua yangu polepole mpaka mwisho. Hakuogopa.

"Mwalimu, umeandika vizuri sana," akasema. "Sasa kale ni mwaka gani?"

"Kale haina mwaka."

"Nina kitabu cha malalamiko hapa. Kina safu ya tatizo limeanza lini. Niandike nini?"

"Andika tangu kale."

Akafungua faili, akatoa barua nyingine, akaigeuza niisome. Ilikuwa ya baba mdogo. Mstari wa pili ulisema kwamba tangu kale shamba lake halijawahi kuwa na njia.

"Sasa unaona shida yangu," akasema. "Nina kale mbili, na haziwezi kupita sehemu moja. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Nieleze maana, niijue ipi ni ipi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini mwalimu akiombwa maana ya neno ni kama mlevi akionyeshwa mlango wa kilabu. Nikakaa sawa kwenye kiti, nikamwambia kwamba kale ni wakati ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka.

Aliyaandika maneno yangu yote, akayapigia mstari.

"Kwa hiyo akitokea mtu aliye hai anakumbuka njia ilipoanza, basi si ya kale?"

"Hapo haitakuwa ya kale, hapana."

"Na hoja yenu inaanguka."

"Inaanguka," nikasema, nikiwa na uhakika kwamba mtu huyo hayupo.

Akapanga kikao siku ya Alhamisi alasiri. Kila upande ulete shahidi.

Kumpata shahidi wa kale si kazi rahisi, kwa sababu wanaofaa wameshakufa, na hiyo ndiyo sifa yao. Bibi alinitajia rafiki zake mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amelala makaburini. Mwishowe nilimkumbuka mzee mmoja wa Same, mfanyabiashara aliyestaafu, ambaye familia yao iko pale mjini kando ya barabara kuu vizazi na vizazi. Baba yake alikuwa akipandisha chumvi na vitambaa milimani kwa punda, naye alipokuwa mtoto alifuatana naye. Nilifikiri kwamba mtu aliyepita huko na punda lazima anaijua njia yetu.

Jumanne nikashuka. Nilimkuta barazani kwake, ametoka kuswali, amevaa kanzu na kofia, redio ikiongea taratibu pembeni yake. Nikamwamkia, nikajitambulisha ni mjukuu wa nani, akafurahi, akaagiza niletewe kahawa na kashata. Kisha nikamweleza njia ilipo: inaanzia nyumbani kwetu, inakatiza migomba, inatokea kwenye chemchemi nyuma ya lilipo duka sasa.

Alitikisa kichwa tangu nilipotaja migomba.

"Hapo hapakuwa na njia, mwanangu."

"Una hakika, mzee?"

"Hapo palikuwa na mizinga ya nyuki. Sisi tulizunguka juu na punda wetu. Hakuna aliyepita hapo." Akavuta mkono wa kanzu, akanionyesha kovu dogo juu ya kiwiko. "Mimi nilijaribu siku moja, nikitaka kumtangulia baba. Niliumwa na nyuki, nikaanguka kwenye jiwe. Baba akanichapa juu yake, kwa sababu punda nao walikimbia na chumvi."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimetumia siku nzima kumtafuta shahidi wa jirani.

"Na njia ilikuja lini?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa.

Mzee akacheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika.

"Msalimie bibi yako," akasema. "Halafu muulize yeye."

Akanipa pakiti ya chumvi nimpelekee.

Nilipanda mlima nikiwa na mawazo mengi kuliko mizigo. Njiani nilitunga njia tatu za kumficha mzee yule, na zote zilikuwa za aibu kwa mtu anayesahihisha mitihani. Nikafika kwa Bibi jioni, nikamkuta anakoroga makande jikoni. Nikampa chumvi. Aliipokea, akaitazama sana kuliko chumvi inavyotazamwa.

"Bado yupo?"

"Yupo. Na kovu lake lipo. Bibi, anasema hapakuwa na njia."

"Ni kweli. Hapakuwa nayo."

"Ulisema ipo tangu kale."

"Ipo tangu kale. Hukuniuliza kabla ya kale palikuwa na nini."

Nikakaa chini. Alipunguza kuni, akafunika chungu, akanieleza, bila haraka na bila kuona haya hata kidogo.

Alipoolewa alikuwa binti mdogo, na kazi yake ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kuteka maji. Njia ya kwenda chemchemini ilikuwa ile ya juu, na ilipita mlangoni kwa shangazi ya mume wake. Shangazi yule alikuwa haachi mtu apite. Alimsimamisha bi harusi mpya kila siku, akamuuliza alivyolala, akamtuma achanje kuni, akamweleza habari za watu wote waliowahi kuugua tumbo. Mtungi ulifika nyumbani jua limeshatoka, na mama mkwe alikuwa akimsubiri na maneno yake. Hivyo binti alikuwa akigombezwa kwa kuchelewa na mwanamke mmoja kwa sababu ya kucheleweshwa na mwingine, na wote wawili alitakiwa kuwaheshimu.

"Asubuhi moja nikaangalia lile shamba chini," akasema. "Chemchemi naiona kabisa. Nyuki wakati wa baridi wanalala. Nikapita."

"Shamba la mtu."

"La baba yake huyo mwenye geti. Nilipita kimya na mtungi. Nikafika nyumbani mapema mpaka mama mkwe akadhani sikwenda. Kesho yake nikapita tena, nikakanyaga palepale nilipokanyaga jana. Siku ya nne nikakuta mzinga mmoja umehamishwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Hakusema neno. Baada ya wiki, mzinga wa pili. Mvua mbili zilipopita, kila mtu alikuwa anapita, na huyo shangazi pia, anatafuta watu walikopotelea."

Nilicheka, kisha nikakumbuka kile kitabu cha malalamiko na yale maneno yaliyopigiwa mstari.

"Bibi, sasa tumekwisha. Nimemwambia mtendaji kwamba kitu kikiwa cha kale, hakuna aliye hai anayekikumbuka. Wewe unakumbuka."

"Nakumbuka sana."

"Basi njia si ya kale."

Alifikiri kidogo, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo nikifa, inakuwa ya kale?"

"Kwa maelezo yangu, ndiyo."

"Na nikiwa hai, mwenye kuitumia, sina njia."

"Ndivyo ilivyokaa."

"Hilo neno lako lina roho mbaya," akasema. "Pakua makande."

Usiku ule na siku iliyofuata nilimshauri mambo mawili yanayopingana. Kwanza kwamba anyamaze, niseme mimi. Halafu kwamba twende tukaseme ukweli, hata tukishindwa. Hakukubali la kwanza wala la pili. Alisema tu kwamba Alhamisi ataongea mwenyewe, na kwamba nimtolee kitenge cha kanisani.

Alhamisi tulikaa ofisini kwa mtendaji tukimsubiri: mimi, baba mdogo, mtendaji na wajumbe wanne wa kijiji. Baba mdogo alikuwa amenyoosha shati na kubeba bahasha yenye ramani ya shamba. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa sababu Bibi alikataa kushikwa mkono. Nusu saa ikapita. Mtendaji akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Ndipo Bibi akatokea mlangoni na fimbo yake, vumbi hadi magotini, anahema. Alikuwa amezunguka barabara ya juu, kwa mara ya kwanza tangu geti lifungwe. Hakusema chochote kuhusu kuchelewa. Alikaa, akanyoosha mguu mmoja mbele ili kila mtu auone, na kikao kizima kikautazama ule mguu.

"Shikamoo, mama," akasema baba mdogo, ameinuka kabisa kwenye kiti.

"Marahaba, baba. Maparachichi hayajambo?"

"Hayajambo, mama."

Mtendaji akafungua kitabu. Kabla hajauliza swali, Bibi akasema.

"Njia ile haikuwepo. Niliianzisha mimi nilipoolewa."

Niliona kalamu ya mtendaji inarudi nyuma kurasa mbili, pale maelezo yangu yalipopigiwa mstari.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "basi si ya kale."

"Si ya kale," nikakiri.

Baba mdogo alishusha pumzi na kuanza kufungua bahasha yake. Bibi hakumtazama mtendaji wala mimi. Alikuwa anaongea na baba mdogo kana kwamba wako wawili tu, na alimsimulia yote: shangazi, mtungi, nyuki, mzinga wa kwanza.

"Baba alihamisha mizinga?" baba mdogo akauliza.

"Miwili."

"Mama, baba yangu mimi? Yule hakuwahi kusogeza hata kiti kwa ajili ya mtu."

"Kiti sijui. Mizinga alihamisha. Na mwaka uliofuata alikata mgomba, nilipokuwa na mimba ya baba yake huyu mwalimu, maana tumbo lilikuwa halipiti."

Wajumbe walicheka, na mmoja alilazimika kutoka nje. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameishika ile ramani bila kuifungua. Alisema kwamba pale katikati ya shamba kulikuwa na pengo ambalo migomba haikupandwa, na utotoni aliwahi kumuuliza baba yake kwa nini. Baba yake alimjibu kwamba pamekaa hivyo tangu kale.

"Aliniambia hivyo," akasema. "Nikaamini ardhi imekataa migomba, na watu wanapita kwa sababu pako wazi tu. Hapo ndipo nilipopanda maparachichi."

"Yanaota?" Bibi akauliza.

"Hayaoti vizuri. Udongo umekanyagwa mno."

Kikao hakikuishia kwa kukumbatiana. Kilichukua saa nzima nyingine, kwa sababu mbuzi walikuwa wa kweli na miche ilikuwa ya kweli. Mjumbe mmoja alipendekeza njia ihamie pembeni, mpakani mwa shamba, iwekewe kijigeti kisicho na kufuli, chenye kamba ya kufunga kuzuia mifugo. Baba mdogo akakubali kuacha nafasi ya watu wawili kupishana. Bibi alilalamika kwamba huo ni mzunguko, akahesabiwa hatua, zikawa kama arobaini zaidi, akasema arobaini zake si sawa na arobaini za vijana, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba jiwe kubwa lililoko pembeni litolewe. Baba mdogo akasema atalitoa mwenyewe.

Ikabaki ile safu ya kitabu. Mtendaji aliinua kalamu.

"Niandike tangu lini?"

Wote walinigeukia mimi. Nilikuwa nimeshajifunza, nikanyamaza.

"Andika tangu nilipoolewa," Bibi akasema.

Akaandika hivyohivyo, kwa herufi nadhifu: tangu bibi alipoolewa. Nilisaini chini yake kama shahidi, na nakiri kwamba kwa ufasaha ilishinda barua yangu yote.

Jiwe lilitolewa Jumamosi. Jumapili Bibi alikwenda kanisani kwa njia mpya, mimi nyuma yake nikisikia kasoro zake zote: ina mteremko, ina utelezi, haina kivuli. Watu walimpokea kama aliyetoka safari ndefu. Tuliporudi, baba mdogo alikuwa kwenye kijigeti anaifunga kamba vizuri, akatufuata mpaka nyumbani, akasema amepita tu kusalimia. Alikaa mpaka makande yakaiva.

Tangu hapo huja karibu kila Jumapili. Anakaa kwenye benchi, anamuuliza Bibi habari za baba yake, mambo ambayo yeye hakuyaona kwa sababu hakuwa amezaliwa, au alikuwa shule, au alikuwa Tanga. Bibi anampa moja kwa kila ziara, hazidishi. Nilipokwenda likizo ya Pasaka nilisikiliza habari ya baba yake alivyocheza ngoma arusini mpaka kofia ikaanguka kwenye chungu cha pombe, na baba mdogo akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

Alipoondoka nilimuuliza Bibi kama kweli ilitokea.

"Kofia ni kweli," akasema. "Chungu nimeongeza. Angalia kama ameifunga ile kamba, mbuzi wasije wakaingia."

Nikateremka kuangalia. Alikuwa ameifunga.